TAIRI NI CHOMBO CHA KAZI
Namna ya kuchagua matairi na spea salama za magari na trela zinazotubeba

Ndugu wafanyakazi,

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, likizo na mikataba. Safari hii tunazungumza juu ya tairi, au ipine kama wasemavyo wengi hapa Kigali. Wako watakaosema kwamba hiyo ni shughuli ya dereva na makanika. Sisi tunasema sivyo. Mchuma chai anayepanda gari la shamba alfajiri, mfanyakazi wa kiwanda cha Masoro anayerudishwa nyumbani baada ya zamu ya usiku, mpakiaji anayefuatana na mzigo, dereva na utingo wake wanaovuta trela kutoka Dar es Salaam hadi Kigali: maisha ya hawa wote yameshikiliwa na mpira unaogusa barabara. Tairi moja la gari dogo hugusa ardhi kwa eneo lililo karibu sawa na kiganja cha mtu mzima. Hapo ndipo breki inaposhika, na hapo ndipo gari linapokata kona. Pakishindwa hapo, hakuna kingine cha kushika.

Na nchi yetu ni nchi ya vilima. Anayekwenda Musanze hupanda Shyorongi, anayekwenda Gatuna hupinda na kupinda tena, anayetoka Kitabi kwenda Gisakura hupita msitu wa Nyungwe wenye ukungu na lami iliyolowa. Katika mteremko mrefu breki hupata moto, rimu hupata moto, na tairi hupata moto. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, tairi kipara huteleza kama sabuni. Tairi lililochoka linaweza kuvumilia miezi mingi katika nchi tambarare, lakini hapa kwetu hufichuliwa upesi.

Kwa hiyo swali la tairi gani linunuliwe, spea gani ifungwe, na nani alipe, ni swali la usalama kazini. Halina budi kuingia katika mazungumzo yetu na waajiri kama linavyoingia swali la mashine isiyo na kinga.

MPIRA HUU UMETOKA WAPI

Tairi lenyewe ni kazi ya wafanyakazi wenzetu. Matairi makubwa ya malori yana mpira mwingi wa asili, ule unaogemwa mashambani. Historia ya mpira huo si nzuri. Jirani zetu wa Kongo waliumizwa na kuuawa kwa ajili yake chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili, uliokwisha mwaka 1908. Huko Liberia kampuni ya Firestone ilifungua shamba kubwa la mpira mwaka 1926. Wagemaji wa shamba hilo walingoja miongo mingi kabla ya kupata viongozi wa chama waliowachagua wenyewe kwa uhuru mwaka 2007, na mwaka 2008 wakatia sahihi mkataba wao na kampuni.

Hapa Afrika Mashariki tulikuwa na viwanda vyetu vya matairi. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha kilianza uzalishaji mwaka 1971, nacho kikasimama mwishoni mwa miaka ya 2000. Kiwanda cha Nairobi kilichoanzishwa na Firestone, ambacho baadaye kilitengeneza matairi ya Yana chini ya Sameer Africa, kilifungwa mwaka 2016. Mamia ya wenzetu walipoteza kazi, na sisi sote tukapoteza tairi lililotengenezwa karibu na barabara zetu. Leo tairi linaloletwa Kigali limetoka mbali, nalo limepita katika mikono mingi kabla ya kufika dukani. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa halitoshi kulihukumu. Mnunuzi hana budi kujua kusoma.

SOMA UBAVU WA TAIRI

Ubavu wa tairi ni kama kitambulisho cha mtu. Yako mambo manne ya kutazama, na yeyote aliyejua tarakimu anaweza kuyasoma.

Kwanza, ukubwa. Chukua mfano wa tairi la lori lililoandikwa 315/80 R22.5. Namba 315 ni upana kwa milimita. Namba 80 maana yake urefu wa ubavu ni asilimia 80 ya upana huo. Herufi R huonyesha kwamba nyuzi za ndani zimelazwa kwa namna ya redio. Namba 22.5 ni rimu, kwa inchi. Tairi la redio na tairi la namna ya zamani, lenye nyuzi zilizopishana, yasifungwe pamoja katika ekseli moja, kwa sababu hayapindi sawa wala hayashiki sawa.

Pili, uzito. Baada ya ukubwa hufuata namba kama 156/150. Hizi si kilo zenyewe, ni alama za kilo. Alama 156 maana yake tairi linabeba kilo 4,000 likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli. Alama 150 maana yake linabeba kilo 3,350 likiwa na mwenzake ubavuni. Ndiyo kusema kwamba matairi mawili yaliyofungwa pamoja hayabebi mara mbili kamili ya moja.

Hapa pana mtego ambao umewadanganya wengi. Chukua gari dogo la abiria la namna ya Hiace. Tairi linalolifaa huandikwa, kwa mfano, 195 R15C na alama 106/104. Herufi C maana yake ni tairi la gari la kazi, na alama 106 ni kilo 950. Matairi manne yanabeba kilo 3,800. Sasa mtu anakwenda sokoni, anaona tairi la gari la starehe la 195/65 R15 lenye alama 91, bei yake ndogo, rimu inaingia vizuri, analinunua. Alama 91 ni kilo 615 tu. Matairi manne ya namna hiyo hubeba kilo 2,460. Gari hilo likijazwa wafanyakazi na vifaa vyao linaweza kufika tani 3. Gari litaondoka, litafika, litarudi, na kila mtu atasema tairi ni zuri. Lakini kila siku linabeba kisicho chake, mpaka siku litakapopasuka.

Tatu, mwendo. Baada ya alama ya uzito hufuata herufi. K ni kilometa 110 kwa saa, L ni 120, M ni 130, N ni 140, Q ni 160. Herufi hii huonyesha pia kiasi cha moto ambacho tairi limejengwa kuvumilia.

Nne, tarehe ya kuzaliwa. Tafuta herufi DOT, kisha fuata mpaka mwisho wa mstari. Utaona tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa katika juma la 23 la mwaka 2019. Wakati mwingine tarehe huandikwa ubavu mmoja tu, na fundi akalifunga tairi huku tarehe ikitazama ndani. Basi inama, au itazame kabla tairi halijafungwa. Ukiona tarakimu tatu badala ya nne, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Liache hapo hapo.

MENO MAZURI, UMRI MBAYA

Wengi wetu tumefundishwa kutazama meno tu. Meno ni lazima yatazamwe. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira, ambavyo mara nyingi mahali pake huonyeshwa ubavuni kwa herufi TWI. Kwenye matairi ya magari madogo kituta hicho kina kimo cha milimita 1.6. Meno yakiwa sawasawa na kituta, tairi limekwisha kazi. Katika nchi ya mvua na vilima kama yetu, ni busara kulibadilisha mapema zaidi, kabla meno hayajapungua chini ya milimita 3, kwa sababu mifereji mifupi haiwezi kuyatoa maji chini ya tairi.

Lakini meno mazuri si ushahidi wa tairi zuri. Mpira huzeeka hata ukilala. Jua, joto na hewa huukausha, nyuzi za ndani huachana na mpira, na macho hayaoni kitu. Mwezi wa Septemba mwaka 2012 huko Uingereza, basi lililokuwa likiwarudisha vijana kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, likaacha barabara na kugonga mti. Watu watatu walikufa, pamoja na dereva. Tairi lile lilikuwa na zaidi ya miaka 19. Mama wa mmoja wa marehemu hakukubali mambo yaishie kaburini. Alidai sheria kwa miaka mingi, na tangu tarehe 1 Februari 2021 Uingereza imekataza matairi yaliyozidi miaka 10 kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi.

Tunalieleza jambo hili kwa sababu lina fundisho kwetu. Nchi tajiri yenye wakaguzi wengi iliacha tairi la miaka 19 libebe vijana, mpaka raia walipoinuka na kudai. Sisi tusingoje msiba. Tairi likifika miaka 5, fundi alikague kila mwaka ndani na nje. Likifika miaka 10 liondolewe, hata kama meno yake yanang'aa.

MATAIRI YA MTUMBA NA YALIYOVALISHWA UPYA

Wengine watasema: ndugu, haya ni maneno ya matajiri, sisi uwezo wetu ni mtumba. Tunajua. Lakini kumbuka kwamba aliyelitoa tairi hilo katika gari lake alikuwa na sababu ya kulitoa. Ukilazimika kununua mtumba, tazama haya: tarehe yake, nyufa katika ubavu na kati ya meno, uvimbe wowote, hata mdogo kama punje ya maharagwe, maana ni dalili ya nyuzi zilizokatika, kiraka cha ndani, hasa ubavuni, mahali ambapo kiraka hakitakiwi kabisa, na ukingo unaokaa kwenye rimu, kama umeraruliwa na wanja. Lipapase ndani kwa mkono. Ukikuta unga mweusi au mstari uliosuguliwa kulizunguka lote, tairi hilo limewahi kukimbizwa bila upepo. Usilinunue kwa bei yoyote. Na ukikuta limepakwa rangi nyeusi inayong'aa, jiulize rangi hiyo inaficha nini.

Matairi yaliyovalishwa meno mapya kiwandani ni habari nyingine. Kuvalisha tairi si wizi, ikiwa kazi imefanywa na kiwanda chenye ujuzi juu ya tairi lenye mwili mzima. Hata ndege hutua kwa matairi yaliyovalishwa upya. Tatizo ni tairi lililovalishwa ovyo, au lililochongwa mifereji mipya kwa kisu cha moto mpaka nyuzi zikakaribia kuonekana. Na hata lililovalishwa vizuri lina mahali pake. Kule Marekani basi haliruhusiwi kuwa na tairi la namna hiyo kwenye magurudumu ya mbele. Nasi tushike kanuni hiyo: matairi mapya na bora yakae mbele kwa lori na basi, kwa sababu tairi la mbele likipasuka usukani humponyoka dereva.

UPEPO NI NUSU YA TAIRI

Tairi jipya la bei kubwa lisilo na upepo wa kutosha ni hatari kuliko tairi la wastani lililojazwa sawasawa. Upepo ukipungua, ubavu hukunjwa na kukunjuliwa kila gurudumu likizunguka. Kukunjwa huko huleta moto, na moto huo huuachanisha mpira na nyuzi. Basi pima upepo asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Usipige teke na kusema limejaa. Teke halijui tofauti ya bari 8 na bari 6. Na usipunguze upepo wa tairi lililopata moto njiani, maana likipoa litabaki chini ya kipimo.

Kwa matairi ya lori, mafundi wana kanuni: upepo ukipungua kwa sehemu moja katika tano, lihesabu kwamba tairi limekimbia na pancha. Mathalani tairi linalotakiwa kuwa na bari 8 likikutwa na chini ya bari 6.4, lishushwe na kukaguliwa ndani kabla ya kujazwa.

Hapa tunasema na mafundi pancha na vijana wanaowasaidia. Tairi la lori lililokimbia bila upepo huenda nyuzi zake za chuma ubavuni zimekwisha katika. Likijazwa, ubavu unaweza kupasuka kwa mstari mrefu kama nguo iliyochanika, kwa nguvu ya kumwua mtu. Rimu za pete nazo, hasa za matairi yenye mpira wa ndani kama 12.00 R20, zinaweza kurusha pete kama panga. Tairi lijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Mpira wa upepo uwe mrefu, wenye kishikio kinachojibana chenyewe. Fundi asisimame mbele ya rimu wala mbele ya ubavu, bali akae mbali, upande wa meno. Mwenye garaji asiye na kizimba atakiwe kukinunua, maana bei ya chuma chake haifiki bei ya kijana mmoja.

TRELA HALINA MDOMO

Trela ndilo husahauliwa kwanza. Tairi la gari likiharibika dereva hulisikia mikononi. Tairi la trela linaweza kuwaka moto nyuma, dereva asijue mpaka apigiwe honi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki juu ya uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari, trela na mzigo pamoja. Tani hizo zote zinapanda milima yetu juu ya matairi ambayo mara nyingi ni yale yaliyoondolewa kwenye gari la mbele kwa kuwa yamechoka. Desturi hii si nzuri. Trela lisiwe jalala la matairi.

Yanayofungwa mawili mawili yawe na ukubwa mmoja na uchakavu mmoja. Likiwa moja refu na jingine fupi, refu ndilo litakalobeba mzigo wa wawili. Yasigusane ubavu, na jiwe lisikae katikati yao. Matrela yenye tairi moja pana kila upande, kama 385/65 R22.5, hayana mwenzake wa kusaidia: likipasuka moja, kona yote ya trela imekwisha. Na trela lililosimama uwanjani msimu mzima, au kitoroli cha majani ya chai kinachovutwa na trekta, kisirudishwe barabarani kabla ya kupima upepo na kutazama nyufa. Tairi lililosimama mahali pamoja chini ya jua huzeeka kama linalotembea, tena halina anayelitazama.

TAIRI LA AKIBA NA VIFAA VYAKE

Tairi la akiba ni tairi kamili. Ni lazima liwe na ukubwa uleule, alama ya uzito ileile, upepo uliopimwa na umri unaokubalika. Lile linaloning'inia chini ya gari miaka minane bila kutumika lina meno ya kijana na mwili wa mzee. Tena gari linalovuta trela lenye rimu tofauti linahitaji matairi mawili ya akiba, moja la gari na moja la trela.

Pamoja nalo pawe na jeki inayoweza uzito wa gari likiwa na mzigo, spana ya nati yenye mkono mrefu, ubao imara wa kuweka chini ya jeki, kabari mbili za kuzuia magurudumu, pembetatu za kuonya wanaokuja na taa ya mkononi. Tumezoea kuona jiwe likifanya kazi ya kabari, na matawi ya mti yakifanya kazi ya pembetatu. Matawi ni bora kuliko kukosa kabisa, lakini usiku hayaonekani. Utingo asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake.

Nati zikazwe kwa kuvuka, moja huku na nyingine ng'ambo yake, si kwa kuzunguka. Kisha zikazwe tena baada ya kilometa 50 hadi 80. Gari lililobadilishwa gurudumu Kigali likielekea Rusumo, lisimame Rwamagana. Likielekea Huye, lisimame Muhanga. Ukiona michirizi ya kutu inayotoka kwenye nati, jua kwamba nati hiyo imelegea. Dakika 10 za kusimama zimewaokoa wengi na gurudumu linalokimbia peke yake kuteremka kilima chenye watu.

UKIFIKA GATSATA

Gatsata imejulikana kwa miaka mingi kwa garaji na maduka ya spea, na mafundi wake wameokoa magari mengi. Lakini soko lolote kubwa lina bandia. Nenda na spea ya zamani mkononi. Linganisha uzito, unene, matundu na namba iliyochongwa kwenye chuma, si ile ya kwenye boksi tu. Boksi lenye jina lililokosewa herufi moja, beringi nyepesi kuliko ya zamani, kitambaa cha breki kinachomeguka kwa kucha: hizo ni dalili za kutosha. Dai risiti ya EBM. Anayekataa kutoa risiti amekwambia mwenyewe kwamba hataki kujulikana spea ikishindwa.

Zipo spea ambazo tunashauri zisinunuliwe mtumba kamwe: vitambaa vya breki, mipira ya upepo wa breki, beringi za magurudumu, viungo vya usukani, na nati na bolti za magurudumu. Kwa trela ongeza pini ya kuvutia na sahani inayoishika. Hizi zikishindwa hazitoi nafasi ya pili. Na bakuli la breki lenye springi ndani lisifunguliwe kando ya barabara na mtu asiyelijua. Springi ile imebanwa kwa nguvu kubwa, nayo inaweza kuua.

Tunaongeza jambo moja la taa. Sisi Rwanda tunaendesha upande wa kulia. Uganda, Kenya na Tanzania huendesha kushoto. Taa ya mbele iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto huinua mwanga wake upande wa kushoto, ili kumulika ukingo wa barabara wa huko. Ukiinunua Kampala au Dar es Salaam ukaifunga kwenye gari la Kigali, mwanga huo utaingia machoni mwa anayekuja mbele yako. Taa ni nzima, bei ni ndogo, na ni hatari. Uliza kabla ya kulipa.

NANI ALIPE?

Tumefika penye mzizi wa fitina. Yako mahali ambapo tairi likipasuka, dereva hukatwa mshahara. Yako mahali ambapo dereva hupewa fedha kidogo, akaambiwa atafute tairi mwenyewe, na ajali ikitokea anaulizwa kwa nini alinunua tairi baya. Huo si uadilifu.

Sheria Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018 inayosimamia kazi nchini Rwanda inamtaka mwajiri ahakikishe afya na usalama kazini. Rwanda imeridhia pia Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1981. Ibara yake ya 21 inasema kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi. Ibara ya 13 inamlinda mfanyakazi aliyeacha kazi yenye hatari kubwa na ya karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini hivyo, asipate madhara kwa ajili ya kukataa kwake. Mwaka 2022 mkutano mkuu wa shirika hilo uliingiza mahali pa kazi palipo salama katika haki za msingi za wafanyakazi wote.

Basi tairi kipara la gari la kazi si deni la dereva. Ni deni la mwenye gari. Wala cheti cha ukaguzi wa Polisi, ile tunayoiita kontorole, hakimalizi jukumu lake. Cheti huonyesha gari lilivyokuwa siku ya ukaguzi. Yako magari yanayoazima matairi mazuri kwa siku moja, kisha yakarudishiwa ya zamani jioni. Anayefanya hivyo anawadanganya abiria wake kuliko anavyomdanganya mkaguzi.

TUFANYE NINI

1. Kila kiwanda na kila shamba lenye magari, kamati ya usalama iwe na daftari la matairi. Kila tairi liandikwe: namba ya gari, mahali lilipofungwa, ukubwa, alama ya uzito, tarakimu nne za DOT na siku lilipofungwa.

2. Dereva akiona kasoro, aiandike na kumpa msimamizi, naye abaki na nakala yenye tarehe. Neno la mdomo husahauliwa siku ya ajali.

3. Abiria nao watazame. Kuzunguka gari kabla ya kupanda huchukua dakika moja. Ukiona uvimbe, nyuzi au nati iliyokosekana, mwambie dereva kwa heshima, na mwenzako akuunge mkono. Dereva asione anasutwa, maana naye yumo garini.

4. Gari likiwa na hatari iliyo wazi, tukatae pamoja, si mmoja mmoja. Anayekataa peke yake huitwa mkaidi. Wakikataa 30, huitwa wafanyakazi.

5. Mwajiri asiposikia, kamati ipeleke barua kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, pamoja na nakala ya daftari.

6. Katika mkataba ujao wa pamoja, tudai kifungu kinachosema kwamba matairi, spea na vifaa vya dharura vya magari ya kazi hulipwa na mwajiri, na kwamba hakuna atakayekatwa mshahara kwa tairi lililochakaa kazini.

Ndugu wafanyakazi, tairi halina chama, halina cheo, halijui nani ni meneja na nani ni kibarua. Likipasuka huwamwaga wote. Lakini meneja husafiri katika gari lake, na sisi tunasafiri katika lile tunalopewa. Kwa hiyo ni juu yetu kulijua, kulisoma na kulidai liwe zuri. Kesho asubuhi, kabla hujapanda, inama utazame zile tarakimu nne, umwonyeshe na mwenzako.

Umoja ni nguvu.